Kijiji cha likizo kilichoficha watoto wa watu

Mgeni anayefika Le Chambon-sur-Lignon kwa mara ya kwanza anaweza kudhani amekosea njia. Hakuna ngome ya kifalme wala foleni ya watalii wenye kamera shingoni. Kuna barabara kuu, duka la mikate, duka la dawa, mkahawa uliotoa viti nje, daraja juu ya mto mwembamba na nyumba za mawe ya kijivu zilizojipanga mteremkoni. Saa saba mchana maduka mengi hufungwa, wenyewe wakiwa wameenda kula, na kinachosikika ni maji ya mto Lignon yakipita kwenye mawe.

Mtoto aliyezoea mji atauliza mara moja, "Sasa hapa tunaangalia nini?" Ni swali la haki. Mzazi asiyejiandaa anaweza kukosa jibu, kwa kuwa vitu vya kuangaliwa Le Chambon ni vya kawaida kabisa: stesheni ndogo, msitu, mashamba, kanisa lisilo na mapambo. Havijiongelei vyenyewe.

Kijiji kiko mkoa wa Haute-Loire, kusini-kati mwa Ufaransa, kwenye uwanda wa juu unaokaribia mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Wakazi wake wanazidi 2,000 kidogo. Kutoka Lyon ni mwendo wa karibu saa mbili kwa gari, na kutoka Saint-Étienne ni karibu saa moja. Njia yenyewe hupanda kwa kona nyingi, na abiria anayechafuka tumbo kirahisi akae kiti cha mbele.

Wafaransa wa mijini walianza kupeleka watoto wao huku zamani sana. Mwaka 1893 mchungaji wa Kiprotestanti wa Saint-Étienne, Louis Comte, alianzisha mpango wa kuwapeleka milimani watoto wa wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwandani. Saint-Étienne ya wakati huo ilikuwa mji wa moshi na vumbi jeusi, na watoto walikuwa wakikohoa. Huku juu walilala kwenye nyumba za wakulima, wakanywa maziwa, wakachunga ng'ombe, wakarudi kwao wamenenepa. Mkulima alilipwa kidogo kwa kila mtoto, na fedha hiyo ilimsaidia katika nchi yenye udongo maskini na baridi ndefu.

Mpango ukakua. Familia za mjini nazo zikaanza kuja kiangazi kwa ajili ya hewa, na nyumba za wageni na mabweni ya watoto yakaongezeka. Kufikia vita vya pili vya dunia, uwanda huu ulikuwa na jambo ambalo vijiji vingi vya Ufaransa havikuwa nalo: vitanda vingi vya ziada, na wenyeji waliozoea kuona watoto wasio wao wakikaa mezani. Jirani hakushangaa akiona sura ngeni shambani kwa mwenzake. Habari yote ya Le Chambon inaanzia hapo, na si ajabu kwamba vipeperushi vya utalii, vinavyopenda mashujaa, huipita haraka.

Pa kuanzia matembezi ni stesheni. Reli ya hapa ni ya upana wa mita moja, upana uleule wa reli ya zamani ya Dar es Salaam hadi Kigoma, na ndiyo maana mabehewa yake yanaonekana madogo kwa mtu aliyetoka kwenye treni za kasi za Ufaransa. Huduma ya kawaida ilikoma mwaka 1968. Wapenzi wa treni waliifufua kwa ajili ya watalii, na sasa miezi ya kiangazi Velay Express hupita taratibu kati ya mashamba na misitu, ikiunganisha Tence, Le Chambon na Saint-Agrève. Siku nyingine huvutwa na injini ya mvuke. Watoto hupenda filimbi, wazee hupenda mwendo, na mzazi apande na kitambaa, kwani moshi wa makaa huingia dirishani bila hodi.

Kwa treni hiyohiyo, kuanzia majira ya baridi ya 1940 hadi 1941, walianza kushuka watu wa aina nyingine. Ufaransa ilikuwa imeshindwa na Ujerumani mwezi Juni 1940. Kusini mwa nchi kulibaki serikali ya Vichy, iliyokubali kushirikiana na Wanazi na kutunga sheria za kuwabagua Wayahudi. Waliotoroka kutoka Ujerumani, Austria, Poland na kwingineko walijikuta wamefungiwa kambini Ufaransa kwenyewe. Mashirika ya misaada yaliwatoa kambini baadhi yao, hasa watoto, na wengine walitoroka. Wakafika kwenye stesheni hii wakiwa na sanduku moja, mara nyingi bila kujua Kifaransa.

Mto uko upande mmoja, na upande wa pili barabara inapanda kuelekea kanisa la Kiprotestanti, ambalo Wafaransa huliita hekalu. Jengo ni la mawe matupu. Juu ya mlango imechongwa amri ya kupendana, na hayo ndiyo mapambo yake yote. Mchungaji wake tangu 1934 alikuwa André Trocmé, aliyeishi hapo na mkewe Magda na watoto wao wanne. Jumapili ya tarehe 23 Juni 1940, siku moja baada ya Ufaransa kutia saini kusalimu amri, Trocmé na mwenzake Édouard Theis waliwaambia waumini kwamba wajibu wa Mkristo ni kupinga ukatili kwa silaha za roho. Wote wawili hawakuamini katika kuua, hata vitani.

Waliosikiliza hawakuwa wageni wa mambo hayo. Waprotestanti ni wachache Ufaransa, lakini kwenye uwanda huu ndio waliokuwa wengi. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV aliwafutia haki ya kuabudu, na kwa miaka mia moja hivi babu zao walisali vichakani, wakaficha wachungaji wao darini, wengine wakapelekwa kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme. Bibi aliyemfungulia mlango mkimbizi mwaka 1942 alikuwa amekua akisimuliwa hadithi za watu wa ukoo wake waliofunguliwa milango. Haikuwa kazi ya Waprotestanti peke yao, hata hivyo. Walikuwepo Wakatoliki, walikuwepo watu wasio na dini, na walikuwepo waumini wa madhehebu madogo ya mashambani walioishi kimya zaidi ya wote.

Mbele ya hekalu ndipo lilipo jumba la makumbusho, linaloitwa Mahali pa Kumbukumbu, lililofunguliwa mwaka 2013. Si kubwa, na hilo ni jema kwa familia. Ndani kuna picha, hati, na filamu fupi za watu waliofichwa hapa wakiwa watoto wakisimulia uzeeni. Mtoto wa miaka kumi na kuendelea anaweza kufuatilia akiwa na mzazi wa kumtafsiria. Mdogo zaidi ya hapo atachoka, na bustani iliyo nje inamfaa. Ni vizuri kuingia hapa kabla ya kwenda msituni, si baada, kwa sababu ukishatoka humo hata ghala la nyasi huonekana tofauti.

Swali ambalo watoto huuliza hapo ni la kiufundi: waliwafichaje watu wengi hivyo? Majibu yanavutia kuliko mahubiri. Watoto waliandikishwa shule. Mwaka 1938 Trocmé na Theis walikuwa wameanzisha shule ya sekondari, na wanafunzi wapya waliotoka nje hawakushangaza mtu. Shirika la Uswisi la kusaidia watoto lilifungua mabweni, la kwanza likiitwa La Guespy. Waliokuwa hatarini zaidi waligawanywa kwenye mashamba ya mbali. Kijana Myahudi mwenye asili ya Urusi, Oscar Rosowsky, ambaye ndoto yake ilikuwa udaktari, alijifunza kutengeneza vitambulisho bandia, mihuri na kila kitu, akiwa na miaka isiyofika 20. Hati zake zilifichwa ndani ya mizinga ya nyuki shambani alikokuwa akiishi. Askari gani angefunua mzinga? Baada ya vita Rosowsky alisoma udaktari kweli, akawa daktari.

Polisi wa Vichy walikuja na mabasi mwezi Agosti 1942, wakapekua kwa siku nyingi, wakaondoka karibu mikono mitupu. Trocmé husimuliwa kuwa alimjibu ofisa aliyedai majina kwamba yeye hajui Myahudi ni nani, anajua watu tu. Mmoja wa watoto wa wakati huo alieleza baadaye jinsi walivyokimbizwa msituni kila habari za msako zilipofika, na jinsi wanakijiji walivyowafuata baadaye wakiimba wimbo fulani, ishara kwamba njia ni salama.

Basi huo ndio msitu. Njia za miguu zinaanzia karibu na kijiji na zimewekwa alama za rangi kwenye miti na mawe. Ramani hupatikana ofisi ya utalii. Miti mingi ni misonobari, chini yake kuna jani laini la kahawia linalomeza sauti ya viatu. Zipo njia za saa moja zinazomfaa mtoto wa miaka mitano, na zipo za kutwa. Mwezi Julai na Agosti vichaka vya chini huzaa myrtille, matunda madogo ya rangi ya zambarau iliyokoza, matamu yenye uchachu, yanayoacha ulimi mweusi kwa nusu siku. Wenyeji huyatengenezea jamu na keki. Vuli huleta uyoga, na hapo tahadhari ni ya lazima: mgeni asile uyoga aliouchuma mwenyewe. Wafamasia wa Ufaransa wamezoea kuletewa kikapu wakaombwa kutenganisha wa kuliwa na wa sumu.

Nyumba za wakulima zinaonekana kutoka njiani, moja moja, mbali na mbali. Ni ndefu na fupi kwa kimo, kuta nene, watu upande mmoja na mifugo upande wa pili chini ya paa moja, ili joto la ng'ombe lisipotee. Mapaa mengi ya zamani ni ya vipande bapa vya mawe ya volkano, mazito mno. Mtu akisimama hapo akitazama jinsi shamba moja lisivyoliona lingine, anaelewa kwa nini msako ulishindikana. Anaelewa pia upweke wa mtoto wa Vienna au Berlin aliyeachwa hapo, usiku, kwa watu wasiojua lugha yake.

Si wote walionusurika, na mzazi asiwafiche watoto hilo. Nje kidogo ya kijiji kulikuwa na bweni la wanafunzi vijana wa kigeni, La Maison des Roches. Asubuhi ya tarehe 29 Juni 1943 Gestapo walilizingira, wakakamata vijana 18 pamoja na msimamizi wao, Daniel Trocmé, binamu wa mchungaji. Hakuwa Myahudi. Angeweza kutoroka na hakutoroka. Alikufa katika kambi ya Majdanek, Poland, mwaka 1944. Daktari wa kijiji, Roger Le Forestier, aliyewahi kufanya kazi Afrika, katika hospitali ya Albert Schweitzer huko Lambaréné nchini Gabon, alikamatwa na kupigwa risasi pamoja na wafungwa wengine karibu na Lyon tarehe 20 Agosti 1944, siku chache tu kabla mji huo haujakombolewa.

Idadi ya waliookolewa hubishaniwa. Watu 5,000 ndiyo namba inayoandikwa mara nyingi, na wanahistoria wengi wa leo hukadiria pungufu ya hapo. Mwaka 1990 taasisi ya Yad Vashem ya Israel ilikitunuku kijiji kizima pamoja na vijiji jirani, jambo la nadra, kwani heshima hiyo kwa kawaida hupewa mtu mmoja mmoja. Wenyeji wenyewe walikaa miaka mingi bila kusema, na ukiwauliza wazee walikuwa wakibadilisha mazungumzo. Wapo waliofariki bila wajukuu wao kujua nani alilala darini.

Baada ya habari nzito watoto wanahitaji maji. Lignon ina sehemu ya kuogelea kijijini, yenye ufuko mdogo, na maji yake hata Julai ni ya kumtoa mtu kelele. Wanaotaka nafasi zaidi huenda ziwa la Devesset, upande wa Saint-Agrève, kwenye mashua ndogo za tanga na mchanga wa kuchezea. Kwa baiskeli, Saint-Agrève ndiyo bora: kutoka hapo njia iliyotengenezwa juu ya reli ya zamani, Dolce Via, hushuka bondeni mwa mto Eyrieux kwa mteremko wa pole kupita kwenye madaraja na mahandaki ya treni. Hakuna magari. Tatizo lake ni lile la kila mteremko, kurudi, kwa hiyo inafaa kupanga mapema nani atafuata na gari. Kuna gofu pia kwa anayeitaka.

Kilomita chache kutoka kijijini iko Le Panelier, alikoishi Albert Camus mwaka 1942 hadi 1943 akitibu kifua kikuu kwa hewa ya mlima. Alikuwa akiandika riwaya yake kuhusu mji uliofungwa na tauni, iliyotoka 1947. Nyumba ni ya watu binafsi. Hupitwa kwa nje tu.

Upeo wa macho kusini una vilima vya ajabu, vyenye umbo la koni, vimesimama peke yake kama vichuguu vikubwa. Ni mabaki ya volkano zilizozimika, na wenyeji huviita suc. Lizieux, wenye mita 1,388, hupandwa kwa muda mfupi na hata watoto. Mkubwa wa eneo lote ni Mézenc, mita 1,753, usiofika saa moja kwa gari. Kwa mtu aliyewahi kuukaribia Kilimanjaro au Meru huu ni mlima wa kupanda kabla ya chakula, lakini asubuhi yenye anga safi ukiwa kileleni milima ya Alps huonekana mashariki, theluji juu yake, umbali wa zaidi ya kilomita 100.

Mbele kidogo ni Gerbier de Jonc, mita 1,551, na chini yake unachipuka mto Loire, mrefu kuliko yote Ufaransa, unaokwenda zaidi ya kilomita 1,000 hadi bahari ya Atlantiki. Hapo pana kichekesho. Chemchemi zinazodai kuwa chanzo halisi ni tatu, kila moja na kibao chake, moja ikitiririka kupitia ndani ya jengo la shamba. Watoto huruka kutoka ukingo mmoja wa Loire hadi mwingine kwa hatua moja, nao wazazi huwapiga picha. Maduka ya zawadi yamejaa hapo kuliko mahali pengine pote katika safari hii, na bei zake zinajua kwamba mgeni hana pa kwenda kwingine.

Chakula cha huku ni cha watu wa baridi. Kuna dengu za kijani za Le Puy, zinazopikwa na soseji au zenyewe kwa kitunguu na karoti, na mpishi wa Kiswahili atazielewa mara moja. Kuna jibini za mashambani, na nyama ya ng'ombe wa Mézenc waliolishwa nyasi kavu za mlimani. Familia isiyokula nguruwe iulize kabla ya kuagiza, kwa kuwa vipande vya nyama hiyo huingizwa hata kwenye saladi bila kutajwa. Siku ya soko ndiyo siku ya kununua asali.

Mwaka 2020, siku ya Krismasi, alifariki mzee wa miaka 90 aitwaye Erich Schwam. Alikuwa amezaliwa Vienna, akafika Le Chambon mwaka 1943 akiwa mtoto pamoja na wazazi wake, wakafichwa hadi vita vilipokwisha. Baadaye aliishi Lyon, mfamasia, hakuwa na watoto. Wosia ulipofunguliwa ilionekana amekiachia kijiji takriban euro milioni mbili, akitaka zitumike hasa kwa elimu na vijana. Wengi kijijini hawakumkumbuka. Ilibidi waanze kuuliza wazee na kupekua makaratasi kujua alikuwa nani.

Msafiri kutoka Afrika Mashariki anahitaji viza ya Schengen, na aombe mapema, maana miezi ya Juni na Julai miadi hujaa. Treni humfikisha Lyon au Saint-Étienne. Kuanzia hapo gari la kukodi ndilo jambo la busara, kwani mabasi ni machache na Jumapili huwa shida. Ratiba ya treni ya mvuke na saa za makumbusho hubadilika kwa msimu, na majira ya baridi shughuli nyingi husimama. Wakati huo huvuma burle, upepo wa kaskazini unaorundika theluji barabarani hadi magari yanakwama. Anayependa kuteleza kwenye theluji atafurahi. Mwenye watoto wadogo aje Juni au Septemba. Hata hivyo kila mmoja abebe sweta zito, Agosti pia. Jua likishazama huku juu, baridi haisubiri.